Kalibu Kongwe na Ukuta Unaosubiri

Kalibu ya tofali haina uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Ni sanduku la chuma lisilo na kitako wala kifuniko, lenye mikono miwili ya nondo iliyochomelewa ubavuni, na saruji iliyoganda pembeni mwake haitoki hata kwa brashi ya waya. Mjini Bariadi utaiona imeegemezwa ukutani nje ya karakana za kuchomelea, kati ya mageti yanayongoja rangi na majiko yanayongoja wenyewe, nawe utaipita. Jicho hukimbilia mashine mpya iliyosimamishwa mbele ya duka, yenye mkono mrefu wa kushindilia na rangi ambayo bado haijaonja jua. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini fundi mwenye mvi humwacha mteja aisifu mashine mpaka achoke, kisha humuuliza swali dogo la kupoza biashara: “Bosi, moldi unazo, au unaanzia sifuri?” Kwa fundi huyo mashine ni nguvu tu, na nguvu siku hizi hazikosekani sokoni. Umbo limo ndani ya kalibu. Aliye na kalibu tayari amekwisha kuchagua nusu ya mashine yake, hata kama mwenyewe hajui. Iliyobaki ni kutafuta mashine itakayokubali kuipokea.

Kupokeana huko kuna masharti, na masharti yenyewe hayaonekani kwenye rangi. Kitanda cha mashine lazima kiwe na upana wa kuilaza kalibu bila kuibana na bila kuiachia icheze. Matundu ya bolti yakutane na matundu. Mwendo wa pistoni utoshe kina cha kalibu, kwa maana pistoni fupi hushindilia uso wa tofali na kuliacha tumbo lake laini, na tofali la namna hiyo hujitangaza siku ya mvua ya kwanza. Kimo cha kulitoa tofali kiwe sawa, lisije likang’atwa pembe wakati wa kuchomoka. Kisha kuna suala la nguvu yenyewe: kalibu iliyozoea mkono wa mtu mmoja ikitiwa chini ya jeki ya haidroliki hufunguka kwenye maungio, pale pale fundi wa kwanza alipochomelea kwa haraka ili awahi chakula cha mchana. Nyumba njema si mlango, na mashine njema si bango lake. Yote haya hupimwa kwa futi kamba na kwa macho, mteja akiwa amechuchumaa chini na kalibu yake mkononi, hali ambayo si ya fahari. Mtu huenda kununua kitu kikubwa cha kisasa, akajikuta anakihoji kwa niaba ya kipande cha chuma kilichochakaa.

Na kwa nini akihoji? Kwa nini asinunue mashine pamoja na kalibu zake mpya, akaitupa ya zamani kwa wauza chuma chakavu? Jibu liko nje ya mji, kando ya barabara itokayo Lamadi kuja Bariadi na kuendelea hadi Maswa. Huko nyumba haijengwi mara moja. Benki ya ujenzi ni msimu wa pamba: mbegu huingia ardhini mvua za mwisho wa mwaka zikishika, soko hufunguliwa karibu na Mei, na fedha ikiingia mkononi ada ya shule hukata kipande chake, deni la dawa za kupulizia likakata chake, harusi ya mdogo mtu ikakata chake, na mabaki yakageuzwa tofali kabla hayajayeyuka. Mwaka huu msingi. Mwakani, bei ikitabasamu, kozi nane za ukuta. Mwaka unaofuata mvua inagoma na ukuta unabaki ulivyo. Nyasi zinaota sebuleni, mbuzi wanapanda dirishani. Mgeni akipita kwa gari huona magofu. Lakini gofu ni nyumba iliyokwisha kuishiwa na watu, na hizi ni nyumba ambazo watu wake bado wako njiani kuzifikia, tofali kwa tofali, robota kwa robota.

Ukuta wa namna hii una dai moja kwa dunia: kwamba tofali la mwaka kesho litalingana na la mwaka jana. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya 1975, mita na sentimita zimefundishwa shuleni vizazi kadhaa, na bado mfyatua tofali wa Bariadi atakuuliza kama unataka za inchi tano au za inchi sita. Urefu inchi 18, kimo inchi 9; hivyo ndivyo kalibu inavyokumbuka. Sasa mwenye ukuta wa kozi nane alete mashine inayotoa tofali lenye kimo cha sentimita 20. Tofauti ni kama sentimita tatu, kitu cha kuchekwa kwenye tofali moja. Katika kozi nane tofauti hiyo inakuwa karibu robo mita, na robo mita inatosha kulifanya dirisha liikose lenta. Fundi atakata tofali, atanenepesha udongo wa saruji kati ya kozi na kozi, atauficha ukweli kwa plasta, na nyumba itasimama. Lakini kwenye kona, pale ukuta wa zamani unapokutana na mpya, kozi hazitashikana mikono, na ufa ukija utaanzia hapo. Kalibu, basi, ni kumbukumbu ya chuma inayotunza ahadi kati ya misimu ambayo haijuani. Msimu wenye fedha huweka umbo, msimu wa njaa hulihifadhi chini ya kitanda, na msimu mwingine wenye fedha hulikuta pale pale.

Kila ninapofikiria hivyo naona jinsi tunavyoikosea heshima kazi ya kuendeleza. Tuna sherehe za kuanza, tuna mawe ya msingi yenye majina na tarehe, tuna utepe na mkasi. Tuna pia sherehe za kumaliza. Hapo katikati, miaka kumi na mitano ambapo mtu hubeba kipimo kilekile kutoka mvua hadi mvua, hakuna ngoma inayopigwa. Mkoa wa Simiyu wenyewe, uliozaliwa 2012 hasa kwa kumegwa kutoka Shinyanga, unaishi zaidi katika hiyo katikati. Uwanja wa Nyakabindi ulipobeba sherehe za kitaifa za Nanenane kuanzia 2018, mashine za kila aina zilipangwa kwa safu ili wakulima wazione: za kupanda, za kupukuchua, za kukamua, za kufyatua. Ni vizuri mkulima aone. Ila mbele ya kila mashine ningependa liwekwe benchi moja, mtu aje na alichonacho nyumbani, akiweke pale, aulize kama vinaoana. Maonyesho ya benchi yangekosa picha nzuri za magazeti, lakini watu wangerudi vijijini na majibu.

Nguvu inayokubali kutumikia umbo la mahali ina historia yake. Mashine ya mkono ya kushindilia tofali za udongo, ambayo wajukuu wake wametapakaa Afrika Mashariki, ilibuniwa Bogotá nchini Kolombia katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez, kwenye kituo cha utafiti wa makazi kilichoitwa CINVA; jina la kituo likaiganda, ikawa CINVA-Ram. Ni sanduku, kifuniko, mkono mrefu, na pistoni inayopanda kutoka chini. Uzuri wake ni kwamba ilibeba kidogo sana cha Bogotá. Udongo ni wa kwako, mikono ni ya kwako, na ukibadili vibao vya ndani, umbo pia ni la kwako. Lakini hata hiyo hushauriwa na ardhi. Wasukuma wana majina ya udongo wao tangu kabla ya maabara: luseni, mchanga wa miinukoni, itogolo, ule mgumu wa mtelemkoni, mbuga, mweusi wa bondeni unaovimba masika na kupasuka kiangazi nyufa za kumeza mguu wa ndama. Udongo wa mbuga ukishindiliwa peke yake hutoa tofali zuri la siku chache, kisha tofali linakumbuka asili yake na kupasuka. Mchanganye na mchanga wa luseni na saruji kidogo, litatulia. Kwa hiyo mashine huikubali kalibu, kalibu huukubali udongo, na udongo ndio hauhami kwenda kumfuata mtu.

Mbali na hapa, katika watu ambao huenda hawajawahi kufyatua tofali, swali la fundi wetu lina jibu la kushangaza. Marekani kuna wawindaji na walenga shabaha wanaojijazia risasi wenyewe mezani nyumbani. Kwetu risasi ni mambo ya leseni na polisi, na wawindaji wanaofika Pori la Akiba Maswa huzileta zikiwa zimekamilika. Wenzao wa Marekani hutumia mashine ya kushindilia na kalibu za chuma zinazofungwa juu yake kwa uzi, kama kifuniko cha chupa. Kampuni zinazotengeneza vitu hivyo zinagombea wateja kwa udi na uvumba, lakini zimekubaliana juu ya tundu: kipenyo cha inchi moja kasoro moja ya nane, nyuzi 14 kwa kila inchi. Kalibu aliyoinunua babu kwa kampuni moja huingia kwenye mashine aliyoinunua mjukuu kwa kampuni nyingine. Wapo waliojitenga, kama mashine ya Dillon iitwayo Square Deal B ambayo hupokea kalibu za aina yake tu, na anayeichagua hujua kwamba ameoa ukoo mzima. Kwa wengi, hata hivyo, tundu lile halina mwenyewe, na kwa kuwa halina mwenyewe ndiyo maana limedumu.

Sisi tunalo la kwetu: gurudumu la baiskeli la inchi 28. Baiskeli kubwa nyeusi inayobeba magunia, madumu ya maji na mama mjamzito kwenye njia za Itilima na Meatu haijali tairi limetoka kiwanda gani wala nchi gani. Rimu, spoku, mpira wa ndani, vyote huingia. Ikivunjika popote, duka la karibu lina dawa yake. Kwa upande mwingine, dunia imewahi kulipia gharama kubwa kwa kukosa makubaliano ya namna hii. Mwingereza Joseph Whitworth aliweka kipimo cha uzi wa bolti mwaka 1841 kwa pembe ya nyuzi 55. Mmarekani William Sellers akaweka chake mwaka 1864 kwa nyuzi 60. Tofauti ilionekana ndogo mpaka Vita Kuu ya Pili, nchi mbili rafiki zilipopigana upande mmoja na nati ya huyu ikagoma kuingia kwenye bolti ya yule. Ilichukua hadi 1948 kwa Uingereza, Marekani na Kanada kutia saini uzi mmoja. Fundi wa Bariadi anayebeba mafungu mawili ya spana, moja la inchi kwa trekta kuukuu na jingine la milimita kwa pikipiki, bado anabeba mfukoni mabaki ya ugomvi ule ambao hakualikwa.

Mashine isiyoikubali kalibu huanza kuibadilisha kimyakimya. Mwaka 1985, huko Arusha, Carl Bielenberg alibuni kikamulio cha mkono cha mafuta ya alizeti, kilichoenea vijijini na kuwapa wengi mafuta ya kupikia na fedha kidogo. Kilikuwa chombo cha werevu, kilichotengenezwa na mafundi wa hapa hapa. Lakini hakikuzipenda mbegu zote. Mbegu za kienyeji zenye ganda nene zilikichosha. Kilitaka za ganda laini, aina ya Record. Mkulima aliyetaka kikamulio akajikuta anabadili shamba. Pengine shamba lilihitaji kubadilika. Simlaumu aliyebuni wala aliyepanda. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mwelekeo wa nguvu: tunadhani tunachagua mashine, kumbe mashine nayo ina meza yake ya mahojiano, na mbegu za mama zetu zinaweza kushindwa usaili bila sisi kujua kwamba zilikuwa zinasailiwa.

Ushirika wa pamba umeyaona haya kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani, viliunganika kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Chimbuko lake lilikuwa jambo la kijijini kabisa: mizani ya mnunuzi na shaka ya muuzaji. Humo ndimo kalibu ilimokuwa, katika chama kidogo ambamo jirani humjua jirani na aibu hufanya kazi ya mkaguzi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, mamlaka ya zao ikachukua kazi. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakafunguliwa mlango. Baadaye mkulima akaelekezwa tena auze kupitia chama cha msingi, kile tunachokiita AMCOS. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu zilikuwa za kweli. Ila ukiyatazama kwa jicho la mfyatua tofali, utaona ukuta uliojengwa kwa kalibu tano tofauti, na pale kozi zisipokutana ndipo mkulima anapoweka kidole akisema, hapa ndipo fedha yangu ilipovujia. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na msala huu ulipita zaidi ya mara moja.

Ipo pia hadithi ya upande wa pili, na ni ya ardhi hii hii. Kwa miongo mingi miti ya Usukuma ilifyekwa, kwa ajili ya kufukuza ndorobo, kwa ajili ya pamba, kwa ajili ya kuni, hadi Shinyanga ya wakati ule, ikiwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ikaitwa jangwa lijalo. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye wataalamu wa kilimo misitu. Kulikuwa na nguvu: fedha, vitalu, magari. Lakini wazee walikuwa na kalibu. Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma walilifunga mvua zikielekea ukingoni ili nyasi zisimame, ndama na ng’ombe wagonjwa wapate malisho kiangazi kikikaza. Miaka ya kuhamishiwa vijijini ilikuwa imeilegeza desturi hiyo, bila kuiua. Mradi uliacha kutegemea miche ya kupandwa kwa safu peke yake, ukatia nguvu zake ndani ya ngitili. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi viliachiwa nafasi vikachipua. Eneo lililohesabika kwa mamia ya hekta likafika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sijui mfano mwingine ulio wazi hivi wa mashine mpya iliyokubali kupimwa kwa kalibu kongwe, na tofali likatoka lenye nguvu kuliko la kila mmoja peke yake.

Hata hivyo kalibu si sanamu ya kuabudiwa. Bandu bandu huisha gogo: kila tofali linapochomoka huondoka na chembe ya chuma, na kalibu iliyotumika miaka mingi hupanuka kidogo kidogo hadi kipimo chake kinakuwa uongo unaosemwa kwa unyofu. Nyingine zilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, zimepinda, na mwenyewe akazizoea mpaka akadhani dunia ndiyo iliyopinda. Zimo pia desturi za namna hiyo. Ipo kalibu ya kumpima binti kwa idadi ya ng’ombe, ipo ya kumwona mzee mwenye macho mekundu kuwa mchawi, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Hizo zina ukongwe wote unaotakiwa, na bado mahali pake ni kwenye tanuri la kuyeyushia. Ukongwe peke yake haumpi mtu wala chombo haki ya kuendelea.

Basi tunapimaje? Nadhani kipimo ni ule ukuta. Kabla ya kuitupa kalibu, uliza ni nani bado anaijengea. Kama kuna ukuta nusu mahali fulani, nyumba ya mjane mwenye kozi nane na matumaini ya kozi nne zaidi, basi kalibu hiyo ina deni la kulipa, na mashine yoyote itakayonunuliwa iilipie. Kama imebaki yenyewe, haina ukuta unaoisubiri wala mtu anayeikumbuka isipokuwa kwa kujivuna, mpe mwuza chuma chakavu. Na kama ukuta upo lakini kalibu imepinda, itengenezwe kalibu nyingine kwa kuupima ukuta, tofali lililokwisha kujengwa likiwa ndiyo rula. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linadai mnunuzi atembee hadi kwenye nyumba isiyokamilika na kuinama mbele yake na futi kamba, kabla hajaingia dukani.

Wanaonunua mashine kubwa za nchi, za elimu, za kilimo, za afya, nao wana duka lao na rangi zake zinazong’aa. Mitaala hubadilishwa, mifumo huagizwa, mashirika huundwa na kuundwa upya, na kila mara tunaambiwa uwezo wake, kasi yake, thamani yake kwa mabilioni. Swali la fundi wa Bariadi halina gharama na linafaa kuulizwa kwa sauti katika kila kikao kama hicho, kwanza, kabla ya chai: moldi mnazo? Na asiyejua jibu asiruhusiwe kutia saini.